Utando Ule Haukuwa Wako, Ambilikile

Mwaka umezunguka, Ambilikile, tangu moshi mweusi uliposimama juu ya kiwanda cha pumba pale Bondeni na majirani wakaja mbio kumwambia mkeo Lusungu akae chini kwanza. Alikuwa anapepeta mchele. Hakukaa. Alikimbia na ungo mkononi mpaka getini, na getini mlinzi akamwambia asubiri nje, kama mtu aliyekuja kuomba kibarua.

Watu wanatuambia mwaka ukipita hasira hupoa. Yetu haijapoa. Anayetaka tangazo la machozi matupu asome la jirani kwenye ukurasa huu.

Ulizaliwa Makwale, ukalelewa kwa mpunga na kakao, ukasoma mpaka Ujerumani Mashariki ukarudi mkemia. Viwanda vilipoanza kuuzwa ukapunguzwa kazi mjini, ukarudi nyumbani na mke na watoto bila kununa. Hukuwa mtu wa kununa. Kanisani uliimba besi, na ukikosea ulicheka katikati ya wimbo. Mezani ulinusa kila kitu kabla ya kula, hata samaki mbasa aliyetoka ziwani asubuhi ile ile, mpaka mama yako akawa anakuuliza kama unadhani anataka kukuua.

Kisha mtu binafsi akanunua kile kinu cha zamani pale Bondeni, akakifanya kiwanda cha kutoa mafuta ya kula kwenye pumba za mpunga, nawe ukachukuliwa kuwa mkemia wake. Pumba hazikamuliki kama karanga. Huoshwa kwa hekseni, kimiminika chepesi kinachonuka kama petroli, nayo huyayeyusha mafuta na kutoka nayo. Halafu mchanganyiko ule huchemshwa mpaka hekseni ipae, mafuta yabaki. Nacho kitu hicho hudaka moto kama petroli! Ulikuwa ukirudi jioni unamwambia Lusungu, "Mama Aliko, sisi kule tunapika bomu."

Ndiyo maana ulihangaika na utando. Ulisema upo utando mwembamba kuliko ngozi ya ndani ya yai, wenye vitundu visivyoonekana kwa jicho. Mchanganyiko ukisukumwa juu yake kwa nguvu, molekuli ndogo za hekseni hupenya na molekuli kubwa za mafuta hukwama. Hakuna kuchemsha. Rafiki uliyesoma naye alikutumia vipande vya kila aina, ukavitumbukiza kwenye vichupa vya jamu vyenye hekseni na kuvipanga bandani nyuma ya nyumba. Vingi vililegea kama uji, vingine vikavimba na kupasuka. Kimoja kikabaki vile vile, wiki baada ya wiki.

Siku ulipokijaribu, Lusungu alikuwa jikoni.

"Zima jiko kwanza," ulimwambia.

"Wali haujaiva, Baba Aliko."

"Tutaula mbichi. Zima."

Akaumwagia moto maji. Ukashindilia pampu ya baiskeli mpaka shati likaloa, na chini ya kile chombo ulichofungia utando yakaanza kudondoka matone maangavu.

"Mbona kama maji?" aliuliza.

"Siyo maji! Ni hekseni, imeyaacha mafuta huko juu!" Ukaruka, wewe usiyecheza hata harusini, ukamzungusha Lusungu uani mpaka kanga ikamvuka. Mchana ule mlikula wali wenye kiini, na hakuna aliyelalamika.

Mtu wa kuzima jiko namna hiyo ndiye wanayesema alikuwa mzembe.

Meneja wako, Ambrose, aliipenda habari ya utando. Aliipenda kuliko alivyoielewa. Ulimtajia aina inayofaa, yeye akaagiza iliyopatikana haraka, ikaja kwa lori kupitia mpakani Kasumulu. Ulipofungua boksi uliona mara moja. Fundi bomba Hamza, rafiki yako, alikuwa amesimama hapo, na kila neno analikumbuka.

"Bosi, huu ni utando wa kusafishia maji."

"Utando ni utando, Ambilikile."

"Ndani ya hekseni utavimba na gundi yake itaachia. Mkiusukuma kwa pampu utapasuka, na tanuri liko chumba cha pili."

"Wageni wanakuja Alhamisi kuona mtambo. Wewe ndiye uliyetuletea hizi habari, sasa unaogopa?"

"Siuwashi."

"Watauwasha wengine."

Alhamisi ikafika, na wageni wao na makoti yao. Wewe ulipelekwa maabara, ukae huko usiwaharibie. Hamza na mwenzake Angetile wakaamriwa kuwasha pampu. Ulipousikia mlio wake ulitoka mbio. Utando ulikuwa umeshapasuka, hekseni inaruka hewani kama mvua. Uliwafukuza wageni kwa kelele, ukamburuta Angetile kwa kola, ukamsukumia Hamza dirishani moto ulipodaka kwenye tanuri. Ungeweza kutoka naye. Ukarudi kufunga koki ya tangi la hekseni, kwa sababu tangi lingeshika moto zingeteketea nyumba zote za jirani, na watoto walikuwa wametoka shule. Moto ulipozimwa, koki ilikutwa imefungwa. Wewe ulikutwa chini yake.

Na makaburini Ambrose akasimama, akasafisha koo, akasema, "Marehemu alikuwa na majaribio yake. Tulimwonya."

Lusungu aliinuka mkekani. "Sema tena."

"Mama, pumzika tu."

"Nimekwambia sema tena, hapa mbele ya jeneza lake!"

Wanawake wakamshika. Ambrose akaingia kwenye gari lake. Hamza, mtu pekee ambaye angemjibu, alikuwa hospitalini, mikono imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko.

Alipotoka, watu wa kiwanda walimfuata: anyamaze, kazi yake ipo. Siku ya uchunguzi wa moto ule alikuja, mkewe Pili amemshika bega, akaeleza yote mbele ya Ambrose. Walipotoka nje Lusungu alimuuliza kama anajua amejifukuzisha kazi. "Shemeji," alisema, "kazi nitapata nyingine. Ambilikile mwingine nitampata wapi?" Wachunguzi walitikisa vichwa, wakanywa chai, wakaandika kwamba ilikuwa ajali. Hakuna aliyeulizwa zaidi.

Juzi, Ambilikile, pikapu ya kiwanda ilisimama mlangoni pako. Ng'ombe mmoja, magunia ya mchele, na shada la maua ya plastiki. Dereva, kijana mpole anayeitwa Asajile, alisema ni za kumbukumbu yako, na kwamba chumba kipya cha mtambo kitapewa jina lako. Wanaomba tu familia iwashukuru kwenye tangazo hili.

Lusungu alimpa kiti, akampa chai, akangoja amalize.

"Wewe huna kosa, mwanangu, wala ng'ombe huyu hana kosa," alisema. "Warudishie vyote. Mwambie bosi wako jina la mume wangu haliandikwi mlangoni kwake mpaka aseme mbele ya watu nani aliyeuagiza utando ule."

Asajile alimfunga ng'ombe upya mwenyewe. "Ndaga, mama," alishukuru kwa sauti ndogo, akaondoka.

Basi hizi ndizo shukrani zetu.

Ibada ya kukukumbuka itafanyika Jumapili hii kanisani Makwale, kisha tutakwenda kaburini. Wote mnakaribishwa. Ambrose naye anakaribishwa. Baada ya wimbo wa mwisho tutakaa kimya, na nafasi ya kusema itakuwa yake.

Wanaokukumbuka ni mkeo Lusungu. Wanao Aliko na Ambwene. Mama yako, ambaye bado anakupakulia. Kaka yako Andongwisye. Hamza na Pili. Angetile, aliye hai. Na ukoo wote wa Makwale.

Hatukusahau, Ambilikile. Wala hatusahau kwa nini hupo.