Nyumba za Kambini

Mama yangu,

Hamjambo huko Mabanga? Mguu wako vipi, bado unakusumbua ukitoka shambani? Mimi afya ninayo, nashukuru Mungu, na habari njema inaishia hapo.

Unakumbuka nilivyokuambia nimepata nyumba hapa Ujerumani, ukasimama kanisani ukatoa shukrani? Mama, sikupata. Niliropoka mapema. Hii kambi ya zamani ya jeshi tunaigeuza mtaa wa watu kuishi. Mimi ndiye nimebomoa kuta za mabweni ya askari, nikaweka vigae jikoni na bafuni, mpaka najua dirisha lipi linapata jua la asubuhi. Msimamizi akasema hata sisi wafanyakazi tujiandikishe. Si nikaamini? Nikavaa lile koti la kanisa, nikaenda ofisini na fomu yangu. Mama wa pale akaisoma yote, akanirudishia polepole.

"Nyumba hizi ni za watu wa kukaa," akaniambia. "Wewe kazi yako inaisha jengo likiisha."

Hata bweni tunalolala sasa, watu wanne chumba kimoja, ndilo linafuata kubomolewa. Nitalibomoa mwenyewe, halafu sijui nitalala wapi. Kila ninapoomba kazi wanaangalia makaratasi yangu na kutingisha kichwa. Na nikirudi nyumbani sina cha kujengea hata kibanda. Nimechoka, Mama.

Sasa Wafula. Ndugu yangu amengoja miaka nijenge kwanza, kwa vile kwetu mdogo hamtangulii mkubwa kusimamisha nyumba bomani. Kila mwaka namwambia Desemba. Juzi mchumba wake, Nekesa, alinipigia kutoka kwa wazazi wake kule Matisi, akasema kama anayengojwa ni mimi, yeye hawezi tena.

Najua wazee hawatakubali maneno ya simu, ndiyo maana nimeandika. Wape karatasi hii waishike. Mimi Simiyu, kwa akili yangu timamu, nasema Wafula ajenge. Na asijenge pembeni kama mtu anayeiba. Ajenge pale pale Baba aliponipimia mimi kabla hajatuacha. Wasiniachie nafasi.

Nisalimie Baba Mdogo, yeye ndiye atawasomea. Msalimie shangazi, na mama mchungaji, ingawa sijui utamwambia nini kuhusu ile shukrani. Ukimaliza kulia, waite wazee siku hiyo hiyo, kabla sijabadilisha mawazo.

Mwanao wa kwanza,
Simiyu