Kwa Laurean, Aliyekuwa Akiuliza Nani Anakataa

Mwaka umegeuka, Baba Beatha, tangu ulipotuacha. Koti lako bado liko nyuma ya mlango. Beatha kasema tulipeleke duka la misaada, nikamwambia ngoja kwanza. Nimechoka na mengi, lakini koti halinilemei.

Ulikuwa mpole. Hapa Peckham, London, ulikuwa unawaamkia hata wasioitikia. Ndizi ulizimenya mwenyewe, ukisema hizi zimesafiri kuliko sisi, tuziheshimu.

Wengi hapa walikujua kama mzee wa chama. Hawakujua ulivyoanza. Ulikuwa kijana wa Muleba, unatembea kwa miguu kuwaita watu mkutanoni katikati ya migomba, maana Mwingereza alikuwa amekataza. Mwisho wa kila mkutano mliuliza, "Nani anakataa? Asemee hapa hapa, asiende kusemea njiani." Halafu mnangoja. Akiwepo anayekataa, mnakaa naye mpaka yaishe. Ndivyo mlivyopata watu.

Uhuru ukaja, tukacheza ngoma mpaka miguu ikavimba. Chama kikabaki kimoja, kikapata ofisi, gari na mlinzi mlangoni. Zamani kadi ya chama ilimfukuzisha mtu kazi. Ikafika mahali bila kadi kazi hupati. Waliokuwa wanawakimbia nyinyi wakati ule wakakaa viti vya mbele. Hata vyama vingi viliporudi, kwetu mgombea wa chama alipita bila kupingwa, sisi tukapiga makofi. Hukuhama chama. Ulisema, nyumba niliyoijenga mwenyewe nitaihamaje, hata kama inavuja.

Ukabaki kuuliza tu. Tulipomfuata Beatha huku London, kwenye mikutano ya tawi, mambo yakiisha unasimama: "Nani anakataa?" Vijana wanacheka. "Mzee Laurean, anayekataa ni dereva wa basi, yeye hatungoji." Ulicheka nao, na ukaendelea kusimama. Mwisho wakafunga mkutano ukiwa umekwenda chooni. Ukarudi ukakuta viti vimeshapangwa ukutani. Siku ile hukula.

Jumapili iliyopita alikuja Noel, mwenyekiti wa tawi, na wenzake wawili. Watu wazuri, wamekuja na maua.

"Shikamoo Mama. Tumekaa, tumekubaliana wote. Misa ya mwaka ya Mzee tutaifanya ya chama. Bendera, sare, na mgeni kutoka nyumbani aseme machache. Wewe hutachemsha hata chai."

"Wote ndio nani?"

"Wote, Mama. Hakuna aliyepinga."

Nikawamiminia chai. Halafu nikauliza kama wewe: "Nani anakataa? Asemee hapa hapa."

Nikangoja. Noel akatazama kikombe. Mmoja akakohoa. Kilikuwa kimya chako kile kile, kinachowasha watu mwili. Basi nikanyoosha mkono wangu mwenyewe, na huu mkono unavyoniuma. Beatha akanyoosha wake. Adelina, mjukuu wako uliyekuwa ukimsemesha anakujibu Kiingereza, akasema kwa Kiswahili, "Nakataa."

Noel akauliza taratibu, "Sasa tufanyeje, Mama?"

"Mkae. Tuzungumze mpaka yaishe."

Wakakaa. Mmoja akakumbuka ulivyomfundisha kupanda basi akiwa mgeni. Noel akasema ile siku ya viti ilimuuma hata yeye, lakini hakuna aliyemuuliza. Chai niliiongeza mara mbili. Yakaisha. Bendera itabaki tawini. Wao watakuja na nguo zao za Jumapili, na sufuria la ndizi Noel kasema atalibeba yeye.

Misa ni Jumamosi hii, saa tano asubuhi, kanisani kwetu hapa Peckham. Karibuni nyote, wa chama na wasio wa chama. Tukishakula nitasimama niulize swali lako, na nitangoja.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Placida, binti yako Beatha, mjukuu wako Adelina, na ndugu zako wote wa Muleba. Pumzika, Baba Beatha. Tutakukumbuka siku zote tulizobakiwa nazo.