Bamba la Chuma Chini ya Pikipiki Isiyowaka

Jumamosi. Baridi ya Julai, na manyunyu yale yasiyonyesha vizuri wala kuacha. Ni saa nne asubuhi, niko kitandani na soksi mbili mbili, na nimekasirika tangu nilipofumbua macho.

Wenzangu waliondoka saa kumi na mbili. Pikipiki saba, kwenda Loiyangalani, kaskazini kabisa, siku kadhaa za mawe na vumbi. Ya nane ingekuwa yangu. Ningekuwa mwongozaji wa njia kwa mara ya kwanza maishani, badala ya kubeba vifurushi vya watu kutoka Kawangware hadi mjini kwa pikipiki ndogo ya kuazima. Kiongozi wa safari, yule anayeipanga, alinitumia ujumbe: pole sana, safari ijayo. Akaweka na kale kauso kanakotabasamu. Nafasi yangu ya uongozaji amempa mmoja wa wale saba, mwanamume ambaye hajui hata kuziba pancha.

Pikipiki yangu iko hapo nje mlangoni, hapa Kianda ninapokaa. Ni ile kubwa ya safari ndefu, niliyoinunua ikiwa imegongwa nikaiunga kidogo kidogo kwa miaka miwili. Haiwaki. Chini yake kuna bamba la chuma la kukinga injini, jipya, zuri, imara. Ukiliona utadhani mwenyewe anaenda vitani, kumbe haendi popote.

Acha niandike ilivyokuwa, maana kwa mdomo nimeshadanganya.

Kiongozi alikuwa na sharti moja: hakuna pikipiki itakayoenda bila bamba chini. Safari iliyopita jiwe lilipasua tumbo la injini ya mtu, oili yote ikamwagika, wakakwama jangwani mpaka kesho yake. Mabamba ya dukani yanayoingia pikipiki yangu hayapo Nairobi, na la kuagiza lingefika safari ikiwa imeshakwisha. Kwa hiyo Alhamisi nilienda kwa mjomba.

Anko Wekesa ni kaka yake mama. Huchomelea vyuma Kabiro, kule Kawangware, kando kabisa ya steji ya boda. Ndiye aliyenifundisha kuendesha pikipiki, wakati kila mtu nyumbani alikuwa anasema msichana juu ya pikipiki ni aibu. Nampenda. Niliandike hilo kabla sijaendelea.

Nilienda na mipango yangu. Nilitaka alumini nene, kwa kuwa ni nyepesi. Akacheka.

“Alumini ni ya sufuria, Nekesa. Mawe ya huko itakunja hiyo kitu kama chapati.”

Nikakubali chuma. Halafu akataka kulichomelea bamba zima kwenye fremu, jinsi anavyofanyia boda, kwa sababu huku kwetu kitu kilichofungwa kwa nati ni cha mwizi. Nikamwambia hapana Anko, lazima liweze kutoka, siku ya kubadilisha oili au kuosha matope nitafanyaje? Hapo wanaboda waliokuwa wamekaa wakingoja abiria wakapata burudani. Mmoja akasema, “Wekesa, leo umeletewa mwalimu.” Wakacheka wote. Anko naye akacheka, lakini niliona shingo yake ikikaza. Akakubali kuchomelea masikio manne tu kwenye fremu, kisha bamba lifungwe hapo kwa nati.

Na kazi aliifanya, hilo sitamnyima. Alitengeneza kipimo kwa katoni ya mafuta ya kupikia, akalala kwenye tope chini ya pikipiki akikijaribisha, akakata chuma, akakunja kingo ili mawe yateleze. Akatoboa tundu la kumwagia oili na mengine ya kutoa matope. Akahakikisha vidole viwili vinapita kati ya bamba na bomba la moshi. Kisha akavuta waya za kuchomelea.

Nilijua.

Nilikuwa nimesoma. Pikipiki hii ina kompyuta, si kama za boda. Kabla ya kuichomelea unatoa nyaya za betri, la sivyo umeme unapita usikotakiwa. Pikipiki za steji hazina shida hiyo, kwa hivyo Anko hajawahi kutoa betri ya mtu. Betri iko chini ya kiti, na ufunguo wa kiti ulikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeushika. Ingekuwa kazi ya dakika mbili na spana namba kumi.

Lakini nilikuwa nimeshamkosoa mara mbili mbele ya watu. Kwetu Bungoma mjomba haambiwi hivyo hata akiwa amekosea, na mama alitulea tukijua laana ya mjomba haina dawa. Mara ya tatu ingekuwa kumvua nguo pale steji. Nikajiambia labda haitadhuru. Nikajiambia kwani amechomelea pikipiki ngapi miaka yote hii? Cheche zilipoanza kuruka nikageuka pembeni, nikajifanya nakinga macho.

Heshima si utumwa, wanasema. Yangu haikuwa hata heshima. Ilikuwa woga wa kuchekwa, na tena woga wa kuona yeye akichekwa.

Alipomaliza nikageuza ufunguo. Ule mlio mdogo wa pampu ya petroli haukuja. Taa zote za pale kwenye usukani zilibaki giza. Tukaipakia kwenye pikapu ya jirani yake hadi huku, na jana Odhiambo, fundi wa waya wa hapa karibu, akaunganisha mashine yake, akatikisa kichwa.

“Hii kompyuta iliungua ikichomelewa. Kwani betri hamkutoa?”

Nikamwambia sikuwepo. Uongo wa kwanza huo, na kwa mtu ambaye hata hakuwa na haja ya kuujua ukweli.

Tangu jana majirani wa ploti wananiambia Mungu ana mpango. Sawa. Mungu hakuwa na ufunguo wa kiti mfukoni.

Nusu saa iliyopita Anko ametoka hapa. Alichosema Odhiambo nilimweleza jana kwa simu. Alikuja kwa miguu kutoka Kabiro, viatu vimejaa matope, akakataa chai. Alikaa kwenye stuli, akavua kofia.

“Nekesa, niambie ukweli. Wewe ulikuwa unajua hiyo maneno ya betri?”

Ndiye aliyeniuliza, hakuna mtu mwingine chumbani, hakuna wa kucheka.

“Hapana, Anko. Sikujua.”

Akashusha pumzi. Akasema basi tulikuwa vipofu wawili. Kisha akaniambia kwamba jana alisimama pale steji, mbele ya wote waliokuwepo Alhamisi.

“Nimewaambia nimeharibu pikipiki ya mtoto wa dada yangu juu ya kutojua. Na kutoka leo, mtu akiniletea ya kompyuta, nitamuuliza kwanza.”

Walicheka, akasema. Halafu mmoja wao akamnunulia chai.

Hiyo tu. Aibu niliyoiogopa mpaka nikaacha pikipiki yangu iungue, mzee aliibeba mwenyewe mchana kweupe, ikaisha kwa kikombe cha chai. Na ameibeba yake pamoja na yangu, bila kujua. Alipokuwa anaondoka aliinama mvuani akaligonga bamba mara mbili, akasema angalau hili halilegei.

Sina hamu ya kula wala ya kujibu simu. Nimechukia kila mtu aliyeondoka saa kumi na mbili, na hakuna hata mmoja wao aliyenikosea.

Kesho ni Jumapili. Watu wakitoka kanisani steji ya Kabiro hujaa, na Anko hukaa kwenye kibanda chake hata kama hana kazi. Njia ninaijua. Ninachotakiwa kusema mbele yao ni sentensi moja, kwamba nilijua.

Alhamisi pia ilikuwa sentensi moja.