Pamba ya Baba Barabarani

Jumanne, 10 Desemba
Makochi ya mchungaji yameisha, bado mito. Mchana fundi wa kuchomelea kaleta fremu. Nondo na waya, matufe matatu yamebebana, kichwa kinapita paa la banda langu. Mwenye hoteli anataka mtu wa theluji mbele ya geti, kila basi linalopita Katoro limwone. Kazi yangu kumvisha. Theluji sijawahi kuiona. Nimeonyeshwa picha kwenye simu: mtu mnene, pua karoti. Nikasema naweza. Mdomo huu utaniponza.

Alhamisi, 12 Desemba
Sponji nyeupe haipo mji mzima. Zote njano. Nimejaribu viroba, akaonekana shehena ya sukari. Bosi wa hoteli kasema mbele ya wahudumu kwamba kama nimeshindwa ataita fundi wa Geita mjini. Miaka kumi na moja nashona hapa. Nimeumia sana.
Nimeyakumbuka magunia manne yaliyoko nyumbani, Kishapu.

Ijumaa, 13 Desemba
Hapa hasomi mtu, niandike ukweli. Magunia yale ni pamba ya mwisho ya baba. Aliichuma mwenyewe, akafa kabla haijafika kwenye mzani. Mama kakataa isiguswe. Isiuzwe, asipewe mtu. Ya nini? Hakusema, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.
Mama yuko Chato tangu mwezi uliopita, anamhudumia mdogo wangu aliyejifungua. Nikampigia kaka, Masanja, aliyebaki nyumbani, anitumie magunia; nikamwambia mama karuhusu. Hakuuliza mara mbili. Uongo ulitoka laini mpaka nikajishangaa.

Jumamosi, 14 Desemba
Magunia yamefika kwa fuso. Nimefungua la kwanza, likanuka ghala la nyumbani. Nimelia kidogo. Halafu nimefanya kazi.
Pamba bado ina mbegu. Kuzichambua kwa mkono ni kazi ya wiki mbili, mimi nina siku tatu. Nimebandika hivyo hivyo, kwa uji wa muhogo. Kwa mbali mbegu hazionekani.

Jumanne, 17 Desemba
Amesimama. Kofia ni beseni jeusi, pua ni bomba nililolipaka rangi. Bodaboda wanamwita Shemeji. Watu wanapanga foleni kupiga picha. Bosi kanisifu mbele ya wale wale wahudumu. Nilitembea kifua mbele hadi saa kumi jioni.
Saa kumi mama kapiga. Krismasi anakula kwangu. Anakuja Jumanne ijayo, na basi la Chato linashushia pale pale getini. Atamwona Shemeji kabla hajaniona mimi.

Alhamisi, 19 Desemba
Mvua kutwa. Shemeji kavimba, tumbo limeshuka. Nimemwomba bosi nimvue, nimvishe kitu kingine. Nimesingizia mvua. Kakataa, wageni wanamsifia.

Jumamosi, 21 Desemba
Mvua tena. Masanja kapiga, anataka kumshukuru mama kwa kunisaidia pamba. Nikamwambia aache. Akauliza aache kwa nini. Nikamweleza yote.
"Dada, hiyo utaimaliza wewe mwenyewe," akasema, akakata.
Sina hata wa kumkasirikia.

Jumatatu, 23 Desemba
Jua. Asubuhi nimeona kijani begani kwa Shemeji. Nikadhani uchafu. Nimeweka ngazi nikapanda.
Miche. Mbegu zimeota. Mabega, tumbo, mpaka chini ya kofia, vijani viwili viwili. Mimi niliyekulia shambani kwenye pamba, nimelowesha mbegu na kuziacha juani, halafu nashangaa.
Bosi kasema kila jani liwe limeng'olewa kesho kabla ya saa sita. Nimeng'oa mmoja. Wa pili mkono umekataa. Nimeshuka.

Jumanne, 24 Desemba
Basi limefika saa tano. Nimempa mama shikamoo, kaitikia marahaba huku anatazama nyuma yangu. Kanipa mkoba, kaenda moja kwa moja kwa Shemeji. Kachomoa pamba, kaivuta kwa vidole, katoa mbegu, kaiangalia.
"Hii ya nani?"
Uongo wa pili nilikuwa nao tayari, kwamba nimeinunua Maswa. Nimeuacha.
"Ya baba. Nimeichukua bila kukuomba, mama. Nimemdanganya Masanja."
Hakupiga kelele. Kingekuwa kipigo ningejua pa kushika. Alimzunguka Shemeji mara moja, taratibu, simu za watu zikimfuata. Akafungua kitenge cha juu, akakitandaza chini.
"Mvue," akasema.
Nimemvua. Mchana kweupe, barabarani. Bosi alitoka, akafoka, akasema nisikanyage tena hotelini kwake na kwamba Katoro nzima itajua mimi ni fundi wa aina gani. Ijue. Pamba iliyoloa nimeweka upande, kavu ya ndani upande. Nilipomaliza zilibaki nondo, beseni na pua.
Mama kajitwika furushi la kavu, mimi nimebeba iliyoloa.

Jumatano, 25 Desemba
Kanisani tumekaa benchi moja. Pilau kala kidogo. Mimi hata hicho kidogo sikukiweza. Naogopa ukimya wake kuliko nilivyowahi kuogopa fimbo ya baba.

Alhamisi, 26 Desemba
Asubuhi nimemkuta mama barazani, pamba iko kwenye mkeka. Anatoa mbegu kwa vidole, anatupia kwenye kopo. Miche ameipanda pembeni ya choo. Anasema pamba haipendi kuhamishwa, lakini tuone.
Nimekaa mbali kidogo. Akanisogezea fungu langu.
Baadaye, bila kuniangalia, akasema: "Nilikuwa nangoja uje nyumbani, unishonee godoro. Kitanda kimekuwa kikubwa. Sikujua nikuombe vipi."
Nimeendelea kuchambua.
Iliyopona haifiki godoro. Inatosha mto mmoja. Nimepima kitambaa, nitakata kesho. Leo bado tunatoa mbegu.