Nilivisikia Vidole vya Trésor

Kazi Mbili, tarehe 4 mwezi wa sita

Pompes mia na hamsini, kifua mpaka sakafuni. Kilo mia moja na tatu. Siku ya pili ya kazi, asubuhi baridi, moshi wa makala ya kupikia kila nyumba. Goti la kushoto linauma. Bibi niliyemwoa amelikanda na maji ya moto na chumvi, huku akilalamika kwamba nina mwili wa tembo na akili ya mbuzi. Zimebaki siku kumi na moja kabla ya pambano.

Hapa Shituru, Likasi, wananiita Locomotive, kichwa cha treni. Miaka ishirini na sita ya catch, mieleka ya uwanjani. Mabega yangu bado hayaingii katika shati la dukani. Lakini tangu Pasaka watu wananisalimia kwa huruma. Huruma siipendi. Afadhali wanitukane.

Yote ni sababu ya Trésor, kijana wetu wa catch anayejiita Vitesse, yaani Kasi, nitakayepigana naye tena.

Niandike mara moja, labda nitaacha kuirudia kichwani. Kwenye ring tunalia kwa ajili ya watu. Tunapiga kelele, tunapiga mbao kwa mkono, tunamwita mama. Hiyo ni sehemu ya kazi, hakuna anayeisikiliza. Ukiumia kweli, unamfinya mwenzako kwenye kifundo cha mkono, vidole viwili, mara mbili. Anakuachia polepole, na watu hawajui kitu. Hata bibi zetu hatuwaambii. Trésor nilimfundisha mimi mwenyewe, siku yake ya kwanza, kabla sijamfundisha kuanguka.

Siku ya Pasaka nilikuwa nimemkamata shingo. Akafinya mara mbili. Nikamwachia, tena nikamwuliza sikioni, "Wapi?" Akacheka. Akashika goti langu hilihili, akanitupa. Uwanja mzima wa Kikula ulicheka pamoja naye.

Kazi Ine, tarehe 6

Mazoezi katika sale yetu, ukumbi wa zamani karibu na reli. Trésor alikuja amechelewa, na miwani ya jua ndani ya nyumba. Alipiga pompes kwa mkono mmoja huku akitafuna chingamu. Mwili mzuri, sikatai. Halafu akapaza sauti, kama kwamba nimeshastaafu: "Papa Retraite! Goti lilikunywa dawa leo?"

Wote walicheka. Nami nilicheka. Nilipofika nyumbani taya ziliniuma kwa kuzikaza.

Siku ya Yenga, tarehe 9

Misa ya kwanza. Padri alihubiri juu ya kusamehe, mara sabini mara saba. Mimi nilikuwa nawaza namna ya kumbeba Trésor juu, kiuno kwenye bega langu la kulia, ili goti la kushoto lisichukue uzito. Nilipokea komunyo hivyohivyo. Sijui kama ni dhambi. Nadhani ni dhambi.

Kazi Tatu, tarehe 12

Trésor alikuja nyumbani saa nane mchana, na mfuko wa viazi vitamu kutoka shamba la mjomba wake huko Kapolowe. Bibi yangu aliingia chumbani.

"Papa Mado, mutoto eko kwa mulango. Anasema anataka kusema na weye tu, mukiwa babili."

Nikamwambia aseme nimelala. Nilisema kwa sauti kubwa, kusudi asikie. Nyumba yetu ni ndogo, alisikia. Alisimama pale nje muda mrefu. Niliona viatu vyake chini ya pazia. Kisha viatu vikaondoka, mfuko ukabaki.

Viazi sikuvila. Bibi yangu alikula. Aliniambia, "Weye hauko muntu mubaya. Lakini leo uko mubaya." Nilimwambia aniache.

Kazi Tano, tarehe 14

Karavani. Kutwa nzima juu ya Fuso, na ngoma na megafoni: Shituru, Panda, Kikula, sokoni, tena Shituru. Mimi mbele, yeye nyuma. Kwenye karavani ni lazima kutukanana, bila matusi watu hawaji. Nimetukanwa miaka ishirini na sita na nilikuwa nalala vizuri.

Leo alipiga kelele kwamba Locomotive inarudishwa dépôt, chuma chake kitauzwa kwa kilo. Akina mama wa sokoni walishika mbavu kwa kucheka. Nilimwangalia mbele ya watu wote na nilimchukia. Sijawahi kumchukia mtu wa catch. Naandika hivi ili nisijidanganye baadaye.

Siku ya Posho, tarehe 15

Nimeshinda. Trésor yuko hospitali. Sitaandika zaidi.

Siku ya Yenga, tarehe 16

Sikwenda misa. Bibi yangu alikwenda peke yake.

Naandika.

Watu walijaa mpaka juu ya ukuta. Ring ilikuwa ileile: mbao juu ya matairi ya lori, magunia ya takataka za mbao, bache ya turubai juu yake. Dakika kumi za kwanza alinichezea. Alinizunguka, alinipiga kofi mgongoni, alikimbia, alicheza ndombolo kwenye kona. Watu walikuwa wake. Halafu alikaribia kupita kiasi, nikamkamata. Mkono mmoja shingoni, mwingine katikati ya miguu. Nikambeba juu. Uwanja uligeuka hapo hapo. "Lo-co-mo-tive!" Miaka mitatu sijasikia sauti ile namna ile. Nilifurahi. Ee Mungu, nilifurahi sana.

Alilia. Wote wanalia.

Kisha vidole. Kwenye kifundo cha mkono wangu wa kulia. Viwili. Mara mbili.

Nilivisikia. Hakuna cha kusema kwamba ilikuwa kelele, au jasho, au nilichoka. Nilivisikia vizuri kabisa. Nikasema moyoni: leo hapana, kijana, leo hunidanganyi. Akafinya tena, mara mbili, kwa nguvu zaidi. Nami nikamtupa.

Hakuanguka kama nilivyomfundisha. Shingo na bega la kushoto viliingia pale magunia mawili yalipoachana. Nilisikia mbao. Papa Kasongo, arbitre wetu, alihesabu mpaka tatu, akainua mkono wangu. Trésor hakusimama. Watu walidhani anaigiza, wakaimba. Mimi niliona macho yake. Yalikuwa yakinitafuta mimi, si daktari.

Kazi Mbili, tarehe 18

Daktari anasema ni uti wa mgongo. Mikono inafanya kazi kidogo. Miguu hapana. Anasema tungojee. Aliposema tungojee hakumwangalia mtu usoni.

Njiani watu wananipongeza. Mmoja alinishika mkono asiuachie. Mwingine anasema nilikwenda kwa mganga huko Mulungwishi, nikapewa dawa ya kuvunja, na aliieleza kwa heshima kabisa, kama kwamba nimepata cheo. Ndugu yangu, dawa gani? Nilikuwa na hasira tu. Lakini nilinyamaza, na kunyamaza kulikuwa rahisi. Mwenye buvette aliniletea chupa mbili za bia. Nilizimwaga nyuma ya nyumba.

Siku ya Posho, tarehe 22

Silali. Sili. Bibi yangu alifikiri ni goti.

Leo alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, nje. Nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia yote. Vidole, Pasaka, yote. Siri ya catch niliyoificha kwake tangu tulipooana ilitoka kwa maneno mawili, na haikuwa na uzito wowote. Aliweka mchi chini.

Akasema: "Enda kwa mama ya Trésor. Miye sitabeba hii pamoja na weye."

Akaendelea kutwanga. Nilisikia analia, lakini mchi haukusimama.

Kazi Mbili, tarehe 25

Nimekwenda.

Trésor amelala chali hospitalini, shingo imefungwa. Mama yake alikuwa amekaa miguuni pake na beseni na kitambaa. Ni mwanamke mdogo, anauza makala, mikono haitoki weusi hata akiiosha. Aliniletea kiti. Alisema, "Aksanti, papa, kwa kuja." Nilitaka sakafu inimeze.

Nilikuwa nimepanga kumwomba atoke kidogo. Trésor hakunipa nafasi.

"Nilifinya, papa."

"Najua. Nilisikia."

Mama yake aliacha kumpangusa.

Nikasema tena, ili isiwe kwamba ilinitoka tu: nilisikia, mara ya kwanza na mara ya pili, na nikakutupa. Nilifikiri unanidanganya kama Pasaka. Sikutaja hasira. Halafu nikaitaja. Nilisema nilikuchukia.

Alifumba macho. Nilingoja anitukane. Mdomo anao, siku zote alikuwa nao. Alisema polepole, akitafuta pumzi:

"Ile siku nilikuja kwako na viazi. Nilitaka kukuambia: papa, ya Pasaka ilikuwa upumbavu. Nikifinya tena, itakuwa ya kweli."

Alikuwa mlangoni pangu, nami nililala kitandani macho wazi nikiangalia viatu vyake.

Mama yake aliinuka na beseni. Alipita karibu nami bila kunigusa, akaenda kumwaga maji, hakurudi mpaka nilipoondoka.

Siku ya Yenga, tarehe 30

Nilimwambia Papa Kasongo. Alifunga mlango. "Funga kinywa, mukubwa. Batu bakijua, catch inakufa Likasi." Nilimwelewa. Catch imemlisha na kumvalisha.

Jioni nilisimama mbele ya wote katika sale, nikasema. Vijana kumi na wanne. Waliangalia chini. Nikasema pia kwamba sitapanda tena ring, lakini hilo halikumvutia mtu, walikuwa wameshaacha kunisikiliza. Wakati wa kutoka hakuna aliyenipa mkono. Mmoja tu alinifuata mpaka kwenye reli, akaninong'oneza kwamba Trésor aliyatafuta mwenyewe.

Huyo ndiye aliyeniumiza kuliko wote. Maneno yake nilikuwa nimeshajiambia mimi, kila siku, tangu tarehe kumi na tano.

Kazi Mbili, tarehe 9 mwezi wa saba

Wamemrudisha nyumbani. Hospitali wamesema hawana kingine cha kufanya.

Nilizunguka nyumba yao mara tatu kama mwizi. Mara ya nne mlango ulikuwa wazi. Mama yake alikuwa anamvuta sakafuni juu ya blanketi, amelishika kwa ncha mbili, anarudi kinyumenyume, ili amfikishe uani apate jua. Anapumzika, anavuta. Trésor amegeuza uso ukutani. Yule Trésor wa miwani.

Sikubisha hodi. Niliingia, nikapiga magoti, nikamweka mkono chini ya mgongo na mwingine chini ya mapaja, nikamwinua. Nilimlaza uani. Mama yake alinipa mgongo wakati wote, akaanza kupepeta makala yaliyokuwa yamekwisha kupepetwa. Saa nne upepo ulipoanza nilimrudisha ndani.

Nilikwenda nyumbani bila kuaga. Sikujua niage vipi.

Siku ya Posho, tarehe 13

Kila asubuhi nimekwenda. Leo mama yake aliniambia nisirudi. Alisema kwa upole kabisa, ndiyo maana iliniingia. Anasema akiona mikono yangu anaona siku ile.

Nilimwambia nimesikia. Nilimuuliza nani atambeba. Niliondoka. Jana na juzi alikuwa mwepesi kidogo, hali chakula vizuri. Nani atambeba?

Kazi Moja, tarehe 15

Jana sikwenda. Leo asubuhi nilikwenda mpaka kwenye kona, nikarudi. Bibi yangu aliniona nimekaa na koti langu mwilini. Mchana alitoka na sahani ya bukari, ugali wetu, na samaki, amefunika na kitambaa, akaenda kwa kina Trésor mwenyewe. Alikaa huko muda. Aliporudi alisema Trésor hakutoka nje siku mbili. Nilimwuliza kama mama yake alisema jambo. Alisema walichambua mboga pamoja, hawakuongea.

Kazi Ine, tarehe 18

Saa moja asubuhi nilikwenda tena. Sikuitwa. Nilijiambia nitasimama nje tu, nikifukuzwa nitaondoka.

Mlango ulikuwa wazi. Mama yake alikuwa anawasha mbabula, jiko la makala, ameinama. Alisikia hatua zangu, zangu zinasikika. Hakuinua kichwa. Hakusema karibu. Lakini uani, pale jua linapoanza kufika, mkeka ulikuwa umeshatandikwa, na mto juu yake.

Niliingia nikamchukua Trésor.