Kiti cha Yule Mwanamume

3 Februari

Dada yangu,

Hujambo? Mama naye, na goti lake? Mimi mzima kama chuma, tena sasa naongea Kifaransa, kwa hiyo ukiniandikia nyoosha mgongo. Meneja wa hoteli kasema nikifaulu mtihani naacha kubeba mizigo ya wageni, nakaa mapokezi.

Anatufundisha bibi mmoja mstaafu, ghorofani kwake. Tumefika kwenye maneno ya kuonyeshea. Kitabu hiki, ce livre. Meza hii, cette table. Cha karibu unakibandika -ci, cha mbali -là. Mimi nilishika wenzangu wakiwa bado wanatafuta kalamu. Sheria yake ni moja: hutaji kitu bila kukinyooshea kidole. Basi juzi, kuwachekesha tu, nikanyooshea kiti kitupu cha pembeni: cet homme-là, yule mwanamume. Darasa zima likavunjika mbavu. Bibi hakucheka. Alikwenda akakifuta vumbi kile kiti.

Mdogo wako, Profesa

20 Februari

Profesa wa mizigo,

Sisi wazima, goti la mama linanung'unika kama kawaida. Nilicheka, halafu nikaacha. Mtu mzima hafuti kiti bure. Kamwombe radhi, umwambie ulikuwa unatania. Hiyo kazi ya mapokezi tunaitegemea wote.

Dada yako

9 Machi

Dada,

Salamu kwenu. Mimi hivyo hivyo. Niliomba radhi. Bibi akasema, "Sentensi yako ilikuwa sahihi." Sasa wenzangu wakiingia wanamwamkia yule wa kwenye kiti. Kila somo kile kiti kinanisogelea, na jana tuligusana viwiko. Zamu yangu ilipofika, mdomo ukasema wenyewe: cet homme-ci. Huyu. Hata kazini ninaye. Mgeni kanipa begi moja, la pili kalinyoosha pembeni yangu, likabaki hewani. Cheka basi.

Bibi anasema humfuata aliyemnyooshea kidole mwisho. Nimewabembeleza wenzangu, wote mikono mifukoni, mashujaa wakubwa. Wewe sikuombi kitu. Ila mtihani ni wiki ijayo, na kila nikiulizwa swali, anajibu yeye.

Mdogo wako

21 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini unalala sasa. Nilisimama uani, nikanyoosha kidole upande uliko, nikayasema yale maneno kama ulivyoyaandika. Matamshi yangu mabovu, lakini alielewa. Amefika. Mpole, hasumbui mtu. Mama anamwita mwanangu, anampa habari za majirani.

Fanya kazi yako. Likizo usije kwanza. Sitaki mama aambiwe aonyeshe yupi kati yenu ni wake.

Dada yako