Mama Katika Orodha ya Vipuri

Mdogo wangu Mbombo,

Nakusalimu wewe, shemeji Muteba na nyumba yenu yote ya Manika, hapo Kolwezi. Goti la shemeji linaendeleaje? Na kifua chako, bado kinabana malori yakitimua vumbi? Mimi ni mzima kadiri uzee unavyoruhusu. Hapa Namur, huku ng'ambo, baridi imeingia, miguu inavimba, kichwa kingali kinafanya kazi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema kampuni itachimba kile kilima cha makaburi, kila ukoo uonyeshe kaburi lake kabla mvua hazijaisha, na mifupa isiyo na mwenyewe itatiwa katika shimo moja. Kisha unaniuliza mimi mkubwa wako: "Yaya, Mama analala wapi?"

Ungekuwepo, usingeuliza. Niache niliseme hilo mara moja. Majuma yote tuliyolala stesheni, tumefukuzwa Kolwezi kama wageni, tukingoja gari moshi la kutupeleka Kasai, nchi ambayo Mama aliiacha akiwa msichana na mimi sikuwahi kuiona, wewe ulikuwa Kasaji kwa wakwe zako, wenyeji wasiofukuzwa, na reli ilikuwa ileile.

Kila aliyekufa pale tukamzika kilimani, Mama pia, niliandika kaburi lake. Unakumbuka kile kiajenda cha umeme, kidaftari cha betri chenye vitufe na kioo, kidogo kama kitabu cha sala, alichoniachia mhandisi wetu alipoondoka mgodi ukiporomoka? Ndimo nilimoandika. Lakini vijana waliotufukuza walikuwa wakipekua mizigo, na orodha ya wafu wetu wangeiona kuwa mashtaka. Basi niliandika kama nilivyokuwa, karani wa magazini, ghala la mgodi: kila maiti nikamfanya kipuri. Wanaume boliti, wanawake mikanda ya mashine, watoto nati. Rafu ilikuwa safu ya makaburi, na namba ilikuwa nafasi yake kutoka njiani. Majina sikuandika.

Na kweli mmoja alinisimamisha. "Iko nini mu kale kasanduku, kilulu?" Wote walituita hivyo, wadudu.

"Ni liste ya bitu bya magazini, tata." Nilimwita tata, baba, na angeweza kuwa mwanangu.

Akawaita wenzake: "Mumuone huyu! Banamufukuza, angali anahesabia batu boulons! Enda kahesabu mihogo kwenu!"

Wakacheka, akanirudishia kiajenda na boliti zake. Wafu wetu wakapita.

Tangu hapo nimekitunza. Kumbukumbu ya kifaa kile huishi kwa betri tu. Ukizitoa zote pamoja, kila kitu kinafutika. Kwa hiyo nimezibadilisha moja baada ya nyingine, miaka yote hii. Lakini kioo chake kilikufa zamani, kikawa cheusi. Maneno yamo ndani, hayaonekani.

Barua yako ilipofika, nilikwenda parokiani, wanakofufua kompyuta zilizotupwa na kuzitia Linux, mfumo usio na tajiri: yeyote anaweza kuufungua, kuusoma na kuurekebisha. Wakanipa moja. Waliotengeneza kiajenda wamekwisha kukisahau, lakini mtu fulani asiyenijua aliandika programu ya kuzungumza nacho, akaiacha wazi kwa kila mtu. Waya wake niliupata kwenye soko la vitu vikuukuu. Nikauchomeka. Kompyuta ikajibu: huna ruhusa.

Kompyuta yangu, waya wangu, na sina ruhusa! Nikasoma maelezo. Kumbe mlango ule wa kuchomeka waya hutumiwa na wale tu walioandikwa katika kundi lake, na jina langu halikuwamo. Nilicheka peke yangu hadi machozi. Hata mashine imeniuliza mimi ni wa wapi. Lakini hapa, Mbombo, nilijiandika mwenyewe kwa mstari mmoja, na mlango ukafunguka. Kolwezi, kilikozikwa kitovu changu, hakukuwa na mstari wa kuandika.

Kisha mashine mbili lazima zizungumze kwa mwendo mmoja, la sivyo hutoka alama zisizosomeka. Nikabonyeza vitufe gizani, vidole vikikumbuka njia. Mara ya nne, orodha ikateremka.

Nikaisoma. Safu ya tatu, mikanda minne: nafasi ya pili, ya tano, ya sita na ya tisa. Mama ni mmojawapo. Sijui yupi. Nilimficha vizuri hata mimi mwenyewe simpati. Siku ile niliamini kwamba mtoto hawezi kusahau.

Basi sikiliza. Nenda kwa karani wa kampuni, na shemeji asimame kando yako, maana safari hii nataka asimame. Onyesha makaburi yote manne. Karani atasema, "Mama, mutu anaweza kuwa na bamama bane?" Mjibu kama tulivyolelewa: dada wa mama ni mama, mkubwa kwa mdogo, kwetu mtu hana mama mmoja. Wale watatu waligawana blanketi na Mama hadi mwisho. Ni dada zake. Hutakuwa umesema uongo.

Orodha nzima nimeifunga humu. Mpe katekista wenu pamoja na salamu zangu, aisome kanisani. Huenda mtu akatambua nati yake. Msalimu shemeji. Msalimu na mama mkwe wako wa Kasaji, yule aliyekuzuia usije stesheni. Ndiyo, msalimu. Mimi nilifundishwa adabu.

Ukishawahamisha, walaze pamoja. Na mlilie kila mmoja kilio kizima, Mbombo. Usikigawe kwa nne.

Ni mimi yaya wako,
Kabeya, aliyekuwa karani wa magazini